Tuwahesabu Popo wa Katavi

Serikali inapotaka kujua hali ya wanyamapori katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wataalamu hupanda ndege wakawahesabu tembo, nyati na twiga. Kazi hiyo ni ya lazima na tunaiunga mkono. Lakini jua likisha kuchwa, juu ya Mto Katuma na miombo ya Mpanda huruka wanyama ambao ndege ile haiwezi kuwaona. Hao ni popo, na tunasema kwamba wao nao wanastahili kuhesabiwa kila mwaka.

Wapo watakaouliza popo ana faida gani. Popo wala matunda hutawanya mbegu na kuchavusha maua ya mibuyu; popo wala wadudu humpunguzia mkulima nondo waharibifu. Zaidi ya hayo, popo walio wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Idadi yao ikianguka hairudi upesi, na anguko hilo hutuarifu kwamba miti imekatwa, maji yamekauka au sumu imemaliza wadudu. Dalili ya mvua ni mawingu.

Mawingu hayo yapo Katavi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471, lakini Mto Katuma unaoinywesha huanzia nje ya mipaka yake. Mabwawa na mifereji ya mashamba ya mpunga imepunguza maji ya kiangazi, hata viboko husongamana katika matope. Ukaushaji wa tumbaku nao unakula kuni za msituni. Popo, ambaye hunywa maji huku akiruka na kulala katika matundu ya miti, hawezi kukwepa madhara hayo.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanao ushahidi nyumbani. Popo wa Pemba, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, alikuwa karibu kutoweka mwaka 1989 kwa sababu ya bunduki za wawindaji na ukataji wa misitu. Watu wakaelimishwa, vikundi vya vijijini vikalinda makazi ya popo, na wanakijiji wa Kidike wakaanza kupokea wageni wanaolipa ili kuwatazama. Kufikia mwaka 2008 popo hao walikadiriwa kuzidi 20,000. Hesabu ndiyo iliyoonyesha hatari, na hesabu ndiyo iliyothibitisha mafanikio.

Tunajua kwamba wengi sasa wanamwogopa popo. Ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na virusi vyake hukaa katika popo wala matunda waishio mapangoni. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake si kuwaua. Nchini Uganda, wachimbaji waliugua Marburg katika mgodi wa Kitaka mwaka 2007, na baadaye popo wa humo wakaangamizwa. Popo wengine wakahamia mgodini, na wataalamu walipowapima mwaka 2012 wakakuta kiwango cha maambukizi kimezidi mara mbili ya kile cha awali. Mwaka huohuo ugonjwa ukazuka tena katika Wilaya ya Ibanda.

Hatuna budi basi kuchukua hatua tatu. Kwanza, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori na Shirika la Hifadhi za Taifa ziwaingize popo katika sensa zao, wahesabiwe watokapo makaoni jioni, mahali palepale na mwezi uleule, kwa macho na kwa vinasa sauti. Pili, vijiji vya Wilaya ya Tanganyika vinavyonufaika na biashara ya hewa ukaa katika msitu wa Ntakata tayari vina walinzi wa misitu. Wafundishwe kazi hii na walipwe. Tatu, maofisa wa afya wawaeleze wananchi wasile popo, wasiwashike wala kuingia mapangoni mwao, na wasiwachome moto.

Gharama ya kalamu, daftari na jioni chache ni ndogo kuliko gharama ya mto uliokauka au ugonjwa uliotushtukiza. Viongozi wa Katavi waanze kiangazi kijacho, na Pemba iwape uzoefu wake.