Petroli si Sabuni ya Injini

Katika gereji nyingi za mitaani, na katika nyua nyingi za nyumbani siku za mapumziko, injini iliyogandamana oili na vumbi huoshwa kwa petroli kidogo ndani ya kopo, brashi ya rangi na mikono mitupu. Desturi hiyo iachwe. Ni kweli petroli huyeyusha grisi upesi, lakini sifa inayoifanya ifae ndani ya silinda ndiyo inayoifanya isifae nje yake. Mvuke wake unaweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la mchana wa Dar es Salaam au Mombasa. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hushuka, ukatambaa sakafuni na kulifuata jiko la mkaa lililo hatua kadhaa kutoka kwenye gari. Ukifika kiasi cha asilimia moja na nusu tu ya hewa, cheche moja inatosha, na chini ya boneti cheche hazikosekani: spana ikigusa vichwa viwili vya betri imetoka, na katika magari mengi feni ya rejeta huweza kujiwasha hata baada ya ufunguo kuchomolewa. Msiba wa Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa lori la mafuta lililopinduka, ulituonyesha jinsi petroli iliyo wazi isivyompa mtu nafasi ya kukimbia.

Wapo watakaosema kwamba mafundi wameosha hivi miaka mingi na hawakuungua. Hoja hiyo inathibitisha tu kwamba mvuke na cheche hazijakutana bado. Haisemi lolote juu ya madhara yasiyo na moto. Petroli ina benzini, kemikali ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kumletea binadamu saratani, na anayeivuta kila siku ni kijana wa gereji, wala si mwenye gari. Wengine hupendekeza mafuta ya taa. Ni nafuu, nakubali, endapo injini imepoa kabisa. Lakini nayo huanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye joto la nyuzi 38 hivi na kuendelea, ilhali injini iliyozimwa sasa hivi ina nyuzi 90 au karibu na hapo, na ekzozi ina joto kubwa zaidi. Isitoshe, huacha utando unaonasa vumbi jipya, na mipira ya injini haipendi kulowa mafuta ya aina hiyo.

Pingamizi lenye uzito ni lile la maji. Magari ya leo yamejaa sensa, soketi na kompyuta, na si mmoja wala wawili ambao gari lao liligoma kuwaka baada ya kuoshwa. Hofu hiyo ni ya haki, ila kosa kwa kawaida huwa ni la mashine ya presha na haraka ya mwoshaji. Injini na ipoe hadi kiganja kitulie juu yake bila kuungua, maana maji baridi yakimwagwa kwenye chuma cha moto huweza kukipasua. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Altaneta, boksi la fyuzi, koili na bomba la kuvutia hewa vifunikwe kwa nailoni. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, lakini vifungashio vikubwa vya bidhaa vinafaa vilevile. Kisha grisi nene ikwanguliwe kwa kijiti na kufutwa kwa tambara kabla ya tone lolote la maji. Hatua hii ndiyo inayofanya kazi kubwa, nayo ndiyo hurukwa. Baada yake, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika maji ya uvuguvugu, au dawa ya kuoshea injini inayochanganywa na maji, ipakwe kwa brashi, iachwe dakika chache bila kukauka, isuuzwe kwa maji machache yasiyo na presha. Kostiki soda isikaribie, kwani hula alumini. Gari la haibridi, kama Toyota Aqua, lina nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme wa zaidi ya volti 100. Hapo kazi ni ya fundi anayezijua.

Gharama? Sabuni ni rahisi kuliko petroli. Kinachoongezeka ni muda, na pia wajibu wa kutoyaachia maji yale machafu yafuate mtaro hadi Mto Msimbazi na baharini: mchanga au maranda ya mbao yaliyotandazwa chini ya gari hunyonya oili nyingi. Injini ikishakauka, boneti likiwa wazi, iwashwe na kuchunguzwa siku chache zinazofuata. Oili mpya itakapojitokeza, mara nyingi kwenye gasketi ya tapeti kava, ndipo chanzo cha uchafu wote kilipo, na gasketi hiyo ibadilishwe kabla mtu hajashika brashi tena.