Waraka kwa Wasikilizaji: Habari ya Muheto Isitoke Bila Sisi

Kwa wanachama wote wa kundi letu la wasikilizaji wa redio, Muheto
Kuhusu: namna tunavyopokea na kutoa habari



Koltani, yale madini ya Rubaya, hapa hapa Masisi, inakadiriwa kufikia asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Inavuka mipaka na kuingia ndani ya simu za watu wasiotujua. Simu hizo zikirudi huku, zinatuletea habari zetu wenyewe zilizosimuliwa na wasiowahi kukanyaga Masisi. Sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe inaamsha kijiji usiku, watu wanabeba watoto na magodoro, kumbe hakuna kilichotokea.

Tatizo hili la kusimuliwa na wengine ni la zamani. Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride ilisema wazi kwamba habari za dunia zinatiririka upande mmoja: nchi tajiri zinasema, nchi maskini zinasikiliza. Ndani ya tume hiyo alikaa mwana wa nchi yetu ya Kongo, Elebe Ma Ekonzo. Ugomvi ukawaka juu ya kauli hiyo, na ukawa miongoni mwa sababu za Marekani kuiacha UNESCO mwaka 1984 na Uingereza mwaka 1985. Lakini tuseme ukweli wote: serikali nyingi zilizodai haki ya mataifa yao kusikika, ya Mobutu hapa kwetu ikiwemo, ziliwanyima raia wao haki hiyo nyumbani. Kazi hii haiwezi kuachiwa wakubwa peke yao.

Kifungu cha 19 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka. Mama anayeuza maharage sokoni yumo. Tangu Februari 2002, Redio Okapi inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Waandishi wake wawili, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa Bukavu. Kazi waliyoifia tusiibadilishe na redio trotwari, yaani uvumi wa barabarani.

Kwa hiyo tunawaomba:

Kwanza, sauti ikifika kwenye WhatsApp, uliza: nani aliona kwa macho yake, wapi, siku gani? Jibu likikosekana, isipite mkononi mwako.

Pili, kosa la mtu mmoja lisitangazwe kuwa kosa la kabila lake.

Tatu, usitaje mahali wakimbizi walipojificha, wala jina la aliyekuambia.

Nne, redio ikikosea juu yetu, tukutane, tuandike barua ya masahihisho, tuitie sahihi sote.

Mwenye mawe (betri) ya redio asiyafiche. Asiye na redio aende kwa jirani, asikilize, kisha aseme alichokiona yeye mwenyewe.

Wenu katika kazi,
Katibu wa kundi