Mnyama wa kwenye fulana naye ana majirani

Mjini Goma picha ya gorila haikosekani: iko kwenye fulana, kwenye vitambaa, hata kwenye karatasi za kutundika ukutani. Wageni wananunua. Okapi naye anachorwa, na anastahili, maana porini haishi nchi nyingine yoyote ila Kongo. Mamba pia anachorwa ameachama, ingawa ni mara chache kumwona yule mwenye mdomo mwembamba wa mito ya msituni, ambaye yuko hatarini sana kutoweka.

Picha hizo ni nzuri. Shida ni kwamba zinaonyesha mnyama peke yake, kana kwamba pembeni ya mbuga ya Virunga hakuna watu. Gorila wa milimani wamebaki kidogo kupita 1,000 duniani kote, na sehemu yao wanaishi Rutshuru, kule kule ambako familia nyingi zimekimbia vita. Mama aliyekimbilia pembeni ya Goma, akikosa pesa ya makala, anaingia mbugani kutafuta kuni. Si kwamba anamchukia gorila. Watoto wana njaa.

Kwa hiyo wanaochapa na kuuza fulana hizo wafanye mambo mawili. Waandike kwa Kiswahili jina la mnyama na mahali anapoishi, ili mtoto wa hapa naye ajifunze. Na kazi ya kuchora na kushona wawape pia vijana waliokimbia vita. Mnyama analindwa na jirani aliyeshiba, fulana peke yake haitoshi.