Nani Atamwogesha Babu?



Katika familia nyingi za parokia zetu swali hili huja likiwa limechelewa. Babu ameteleza usiku akienda kujisaidia. Hakuvunjika. Hospitali imempima na kumruhusu, daktari amesema hana ugonjwa wa kulazwa, ni uzee tu. Watoto wanapigiana simu, na hapo ndipo wanapokwama. Kuchanga pesa za matibabu wanajua, lakini safari hii kinachotakiwa si dawa. Anatakiwa mtu wa kumshika mkono saa nane za usiku, wa kumwogesha, kumpikia uji, kumkata kucha, kuangalia kama amekunywa maji, kumsikiliza akisimulia habari ile ile kwa mara ya nne, na Dominika kumsindikiza kanisani au walau kumfungulia redio Misa inaporushwa. Kazi hizi hazina cheti wala risiti, na ndiyo maana kwenye vikao vya familia hupita kama jambo dogo.

Tunaandika kama mafrateri ambao mwisho wa juma hutumwa vigangoni kufuatana na wanaowapelekea wagonjwa na wazee Komunyo Takatifu. Tunaingia vyumba ambavyo wageni wengi hawafiki. Kwa tuliyoyaona tunasema hivi: huduma ya mzee nyumbani inastahili kupangwa kwa uzito ule ule tunaoupa harusi, ambayo hatujawahi kuifanya bila kamati, bajeti na mwenyekiti mkali.

Tuchukue mfano wa migombani, mkoani Kilimanjaro, ambako baadhi yetu tumezaliwa. Desturi ya Wachagga ilimwachia mtoto wa kiume wa mwisho nyumba ya wazazi, na pamoja na nyumba akapokea wajibu wa kukaa nao hadi mwisho. Unaweza kuikosoa desturi hiyo, hasa jinsi ilivyowaweka kando mabinti na jinsi mzigo wenyewe ulivyomwangukia mke wa huyo kitindamimba. Lakini ilikuwa na jambo moja la busara: ilimtaja mtu. Leo kitindamimba yuko Dar es Salaam au Mwanza, au amevuka bahari, na hakuna aliyetajwa badala yake. Kihambani wamebaki wazee wawili, kisha mmoja. Disemba magari yanajaa uani, Misa ya Noeli inakosa viti, ndafu inachomwa. Wiki ya pili ya Januari bibi amebaki na kuku wake na nyumba ya vyumba sita.

Na hiyo nyumba nayo ina maneno. Marumaru zinazong'aa ni fahari ya mtoto na hatari ya mzee. Tumeona nyumba yenye sebule ya kupigia picha ambayo choo anachotumia bibi bado kiko nje, chini ya mteremko, na hakuna hata ubao wa kushikilia ukutani. Fundi wa kuweka vishikio viwili chooni na taa ya njiani hagharimu hata nusu ya ile ndafu.

Suluhisho la haraka huwa ni binti. Mtu anamjua mtu ambaye ana ndugu mkoa mwingine, na baada ya siku tano binti ameshushwa stendi na begi lake. Ana miaka kumi na mitano, pengine pungufu. Ameambiwa kazi ni kupika na kufagia. Anafika na kukuta kazi ni kumwinua mwanamume wa miaka themanini na mitano, kufua mashuka kila asubuhi na kuamka mara tatu usiku. Mshahara umetajwa na kaka mkubwa kwa simu, nao hufika tarehe ambayo kaka mkubwa amekumbuka. Dominika hatoki, kwa sababu akitoka babu atabaki na nani? Mwezi wa nne anatoroka alfajiri, na familia inasema mabinti wa siku hizi hawana uvumilivu.

Sisi hatukubali hukumu hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi nje mfanyakazi wa nyumbani. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kupewa kazi ya hatari. Kumwinua mtu mzima peke yako usiku kucha si kazi ya mtoto kwa kipimo chochote. Sheria hiyo inaweka saa 45 za kazi kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa nyumbani nacho hutangazwa na serikali. Uliza ofisi ya kazi kiwango cha sasa kabla hujataja chako. Mtume Yakobo aliandika juu ya ujira uliozuiliwa na kilio chake kufika masikioni mwa Bwana, na tunadhani ujira wa aliyemfulia baba yako mashuka haumo nje ya kilio hicho. Hatuwezi kumheshimu mzazi kwa kumdhulumu mtoto wa mtu mwingine.

Familia inayotaka kufanya vizuri itamtafuta mtu mzima. Itamwambia kazi yote ilivyo, pamoja na sehemu zisizopendeza kusemwa, na itaandika makubaliano kwa Kiswahili cha kawaida: kazi zipi, saa zipi, analala wapi, analipwa kiasi gani na nani, tarehe gani, siku ipi anapumzika na nani anashika nafasi yake siku hiyo. Mwezi wa kwanza uwe wa majaribio kwa pande zote mbili. Liwepo daftari moja mezani ambamo anaandika babu amekula nini, amelalaje, ameishiwa na nini. Pesa za sabuni na kuni ziwe mbali na mshahara. Na watoto wapite nyumbani bila kutangaza siku, kwa sababu kuna wazee wanaonyimwa chakula na kufokewa, nao hunyamaza wakiogopa kuachwa peke yao.

Kabla ya yote hayo, mzee mwenyewe aulizwe. Ni ajabu jinsi kikao kinavyoweza kumjadili mtu aliyekaa chumba cha pili kana kwamba ameshazikwa. Swali la nani atamwogesha babu si la kikamati. Katika makabila yetu mengi mkwe hawezi kumwona baba mkwe bila nguo, na binti yake wa kumzaa naye anaona haya, na babu anaona haya zaidi. Wako wazee wanaokataa kuoga kwa majuma mawili, wanaitwa wakaidi au wamechanganyikiwa, kumbe wanalinda heshima yao kwa njia pekee iliyobaki. Mara nyingine jawabu ni kijana wa kiume wa jirani anayekuja asubuhi mbili au tatu kwa juma, analipwa kwa hizo asubuhi, na siku nyingine zote bibi au binti anaendelea na mambo ya jikoni. Jawabu hilo hupatikana tu pale mtu anapokaa kitandani kando ya mzee na kumuuliza taratibu: Baba, wewe ungependa iweje?

Kuna na yule ambaye hakuajiriwa wala hakutajwa, bali alibaki tu. Mara nyingi ni binti asiyeolewa, au aliyerudi kutoka ndoa iliyovunjika, au yule ambaye biashara yake ilionekana ni ndogo kuliko za wengine. Ndugu zake walisema, wewe si uko nyumbani? Amefunga genge lake sokoni. Ana miaka sita hajalala usiku mzima. Ndugu humpigia jioni kuuliza kama mama amekula, kwa sauti ya mkaguzi, na wakija Disemba wanaona vumbi juu ya kabati. Tunapendekeza alipwe. Tunajua wapo watakaoudhika, watakaosema mtoto halipwi kwa kumtunza mama yake, mapendo hayana mshahara. Ni kweli hayana. Lakini genge lilikuwa na mshahara, nalo limefungwa kwa manufaa ya watoto wote watano. Kama ndugu wanne wangemlipa mgeni, wanashindwaje kumlipa dada yao, tena wakimwekea akiba ya uzeeni? Huku bara hakuna pensheni ya wazee wote, na siku mama atakapofariki, huyu dada atabaki bila kazi, bila akiba, na mara nyingine bila hata chumba, wakati kihamba kinagawanywa.

Sasa tuseme na ndugu zetu waseminari. Katika korido zetu husikika hoja nzuri kwa sauti: mimi nimejitoa kwa Bwana, mambo ya nyumbani wapo wengine. Tuifungue Injili ya Marko, sura ya saba. Bwana anawakemea watu waliokuwa na njia ya kitakatifu ya kukwepa mzazi. Walitamka kwamba kile ambacho baba au mama angekipata kwao ni korbani, yaani kimetolewa kwa Mungu, na mlango ukafungwa. Yesu hakusema sadaka ni mbaya. Alisema wametumia sadaka kuitangua amri ya nne. Wito unaweza kuwa korbani ya aina hiyo, na kwa kuwa umevaa kanzu, hakuna atakayethubutu kukuhoji.

Mapokeo ya Kanisa hayakulichukulia jambo hili kirahisi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mtu ambaye wazazi wake wana shida kubwa, wala hawawezi kutunzwa bila yeye, haruhusiwi kuwaacha na kuingia utawani. Aliyekwisha kuweka nadhiri, kwa maneno yake, asitoke utawani kwa sababu hiyo, lakini anabaki na deni la kufanya kila jitihada, akiwa chini ya utii wa mkubwa wake, ili wazazi wasaidike. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 542, iliingiza jambo hilo moja kwa moja: ilikataza kuwapokea unovisi watoto wanaopaswa kuwasaidia baba, mama, babu au bibi walio katika shida kubwa. Kifungu hicho hakimo tena katika Sheria ya mwaka 1983. Wajibu wenyewe haukufutwa. Katekisimu, namba 2218, inawakumbusha watoto waliokua kwamba wanadaiwa na wazazi wao msaada wa mali na wa moyo katika uzee, ugonjwa na upweke.

Je, frateri asiye na kipato afanye nini? Zaidi ya anavyodhani. Ana likizo ndefu, na mara nyingi likizo hiyo hutumika kuhudhuria shukrani na jubilei za watu. Anaweza kumpa dada yake majuma mawili kamili ya kupumzika, yeye akilala chumba cha mama na kuamka usiku. Anaweza kumweleza mlezi wake hali ya nyumbani bila kuificha kana kwamba ni aibu. Na kwa kuwa neno la frateri husikilizwa ukoo mzima, hata kabla ya upadre, anaweza kuitisha kikao ambacho kaka zake wamekikwepa mwaka wa tatu sasa. Tungependa kuona daraja takatifu zikiandaliwa hivyo pia, na pengine mchango wa gari la padre mpya ukasubiri kidogo.

Tunahubiri mara nyingi juu ya Mama chini ya msalaba, na tunafanya vema kuona pale Kanisa likipewa Mama. Lakini urefu wa fumbo hilo usitufiche lililo wazi machoni. Mwana anayekufa anapanga mama yake, mjane, atakaa kwa nani. Anamtaja mtu mmoja, huyu hapa, si wanafunzi kwa ujumla. Anasema na pande zote mbili, mama na mtunzaji, kila mmoja kwa zamu yake. Na Yohane anaeleza matokeo bila pambo: tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake.

Upande wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Mtume Paulo amekwisha kuweka mpaka katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya tano: wenye ndugu wajane wawasaidie wenyewe, Kanisa lisilemewe, ili liweze kuwasaidia walio wajane kweli. Jumuiya isigeuzwe kuwa mfanyakazi wa bure wa watoto wenye uwezo. Lakini kuna kitu ambacho pesa ya Dar es Salaam hainunui, nacho ni saa tatu za Dominika. Jumuiya yenye kaya kumi na tano inaweza kupanga zamu ili mtunzaji, awe binti wa nyumba au wa kuajiriwa, aende Misa na kukaa na wenzake hadi saa saba mchana, huku mwanajumuiya mmoja amekaa na mzee. WAWATA wa vigango vingi tayari hufanya hivi bila kuandikwa popote.

Marehemu Papa Fransisko alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Joakimu na Anna. Kwetu siku hiyo huwa na kanga, sukari, sabuni na hotuba, na hatuna ugomvi na sukari. Mwaka huu tungeomba viongozi wa jumuiya wapite wiki moja kabla katika kila nyumba yenye mzee wakiwa na maswali mawili: usiku analala na nani, na huyo anayelala naye anapumzika lini? Majibu yaandikwe na kufikishwa kwa paroko. Namba za simu za watoto walio mbali katibu wa jumuiya anazo, kwa sababu ndizo anazopiga wakati wa michango.