Mazungumzo ya Juma: Sayansi za Jamii si Shimo la Walioanguka

Juma hili nataka kunena nanyi mlio na watoto wa Gredi ya 9, maana hao watatakiwa kuchagua njia watakayoifuata katika sekondari ya juu. Njia zenyewe ni tatu: ya kwanza ni sayansi, ufundi na hesabu, ya pili ni Sayansi za Jamii, na ya tatu ni sanaa pamoja na michezo. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na Serikali imekusudia kwamba katika kila watoto 100, watoto 60 wafuate sayansi, 25 jamii, na 15 sanaa na michezo.

Hesabu hiyo imewatia wazazi wengi fikira isiyo sawa. Mzee mmoja wa upande wa Nyakach aliniuliza, "Bwana Karani, mwanangu ataka kuandikwa Sayansi za Jamii. Je, ndiyo kusema ameanguka?" Nikamjibu, "La, Mzee wangu. Yeye mwenyewe hupenda nini?" Akasema kijana hupenda ramani, tena huwasumbua wazee kwa kuwauliza habari za mipaka ya mashamba. Mtoto wa namna hiyo hakuanguka hata kidogo. Amekwisha kuanza kazi yake.

Tutazame jambo moja lililo machoni petu sisi watu wa ufuo wa ziwa, yaani kisiwa cha Migingo. Ni jabali dogo tu, lapata nusu ya eka, limejaa nyumba za mabati, na wavuvi hulikimbilia kwa ajili ya mbuta. Tangu mwaka wa 2004 hivi askari wa Uganda walipofika huko, pamekuwa na ugomvi kati ya nchi mbili, hata mwaka wa 2009 serikali zote mbili zikapeleka wapima ardhi. Kijana atakaye kujua kisiwa ni cha nani aanzie wapi? Hapana budi ajue kwanza kwamba mpaka mwaka wa 1902 nchi hii yetu, pamoja na Kisumu, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, ndipo ikahamishiwa upande wa Kenya. Hiyo ni Historia. Kisha asome amri ya Waingereza ya mwaka wa 1926 iliyoeleza mpaka upitavyo ziwani, aifuate katika ramani. Hiyo ni Jiografia. Rais Museveni alisema mwaka huo wa 2009 kwamba kisiwa ni cha Kenya bali maji ni ya Uganda; na kweli Kenya ina sehemu kama 6 tu katika kila sehemu 100 za Ziwa Victoria. Basi mvuvi wetu akivuka mstari asiouona, sheria gani yamshika, na ni nani wa kumsemea? Hapo Uraia umeingia, na bei ya mbuta huleta Biashara. Masomo manne katika jabali moja!

Fikira ya kuyaunganisha masomo haya si ngeni. Agosti 1968 waelimishaji wa nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa, wakashauriana jinsi mtoto awezavyo kuanza na jamii yake mwenyewe kabla ya kwenda mbali. Na mwaka uliofuata shirika la kuendesha kazi hiyo likawekwa Nairobi. Lakini katika sekondari masomo yalibaki mbalimbali, na mara nyingi yalifundishwa kwa kukariri miaka na majina. Nadhani hapo ndipo heshima yake ilipopotea, kwa maana mtu aliyekariri vita vya Ulaya asijue kwa nini Nyando hufurika Kano hakupata faida kubwa.

Profesa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, aliyefariki Januari 2025, alifanya kinyume. Aliwaendea wazee wa Kijaluo, akaandika masimulizi yao, na kitabu chake juu ya habari za Waluo wa Kusini kikatoka mwaka wa 1967. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Je, mtu huyo alifuata njia ya wadhaifu?

Simdharau daktari wala mhandisi, twawahitaji sana. Naye mtoto akimbiliaye Sayansi za Jamii ili aikwepe hesabu, ajue kwamba hesabu ataikuta huko pia, ingawa si ile nzito ya wanasayansi.

Sasa lililo kubwa kwa mzazi ni kuichunguza shule. Si shule zote zilizo na njia zote tatu. Nyingine zina mbili tu. Ulizeni kama pana mwalimu wa Jiografia na wa Historia na Uraia, na kama ramani zipo, au ni ubao mtupu. Ulizeni pia kama wanafunzi hutolewa nje ya darasa, maana Makumbusho ya Kisumu yako papa hapa, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, na shule iliyo karibu isiyopeleka watoto huko yapaswa kutoa sababu. Maswali haya yaulizwe kabla majina ya shule hayajapelekwa, na mtoto mwenyewe awepo akisikia.