Kupandisha levo kwa mahudhurio ni kumfukuza mtu kistaarabu

Kuna meza moja ya wacheza Dungeons & Dragons huko Minneapolis, Marekani, ambayo siku hizi haikaliki. Ni marafiki watano wa miaka mingi, wanakutana kila Jumamosi jioni. Kaka mmoja ndiye msimamizi anayesimulia hadithi na kuendesha maadui, wanne waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Sasa dada mmoja kati ya hao wanne ni nesi wa zamu, na Jumamosi nyingi zinamkuta wodini. Ugomvi umeanzia hapo.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Msimamizi anaeleza kinachotokea, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu zinaamua. Mhusika anaanzia levo ya 1 na anaweza kufika ya 20. Kila akipanda anaongezewa uhai na uwezo mpya, na raha ya kumwona mhusika wako akikua ndiyo inayomrudisha mtu mzima mezani wiki baada ya wiki.

Kitabu kina utaratibu wake wa kupanda, kwa pointi za uzoefu. Kaka msimamizi akaona kuhesabu pointi kunamchosha, akatunga sheria yake: ukihudhuria mara tatu unapanda levo moja. Hukuja, huna kitu. Tumtendee haki, nia haikuwa mbaya. Alichoshwa na watu wanaotuma meseji saa moja kabla kusema hawaji, wakati yeye ameandaa hadithi wiki nzima.

Matokeo yake ni haya. Baada ya Jumamosi 15, wenzake wako levo ya 6. Dada nesi amefika mara 6 tu, kwa hiyo yuko ya 3.

Wanaoitetea sheria wanasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tena wanakumbusha kwamba kitabu cha msimamizi cha 2014 chenyewe kinasema pengo la levo mbili tatu haliharibu mchezo. Ni kweli, kinasema hivyo. Ila kitabu kinazungumzia ngazi yake chenyewe, siyo hii ya kaka.

Chukua kalamu. Kwenye kitabu, levo ya 3 inataka pointi 900, ya 6 inataka 14,000, ya 9 inataka 48,000. Kwenye levo hizi, kila unavyozidi kupanda, hatua inakuwa ndefu zaidi. Kwa hiyo dada akianza na 900 zake, akacheza na wenzake na kugawana pointi sawasawa, siku wao wanagusa levo ya 9 yeye ana 34,900, na hiyo tayari ni levo ya 8. Pengo la levo tatu limebaki moja, bila mtu kumpendelea.

Kwenye sheria ya mahudhurio, hata asipokosa tena Jumamosi hata moja, wenzake wakifika ya 9 yeye yuko ya 6. Wakifika ya 20 yeye yuko ya 17. Ni deni lisilolipika.

Na mezani deni hilo linauma. Kuanzia levo ya 5 mpiganaji anapiga mara mbili kwa zamu moja, na mchawi anapata mpira wa moto unaorushiwa dadu 8, wastani wa madhara 28. Msimamizi lazima alete maadui wa kiwango hicho, la sivyo wale watatu watasinzia. Lakini mhusika wa dada ni mchawi wa levo ya 3, ambaye kwa kawaida ana uhai wa pointi 20 hivi. Moto mmoja tu, chini! Saa mbili zinazofuata anatazama wenzake wakicheza, yeye aliyetoka kulala saa nne baada ya zamu ya usiku. Jumamosi ijayo hata akiwa na nafasi, atakuja kufanya nini? Sheria iliyotungwa ili watu waje ndiyo inayomfundisha asije.

Hapa tatizo siyo kutunga sheria za nyumbani. Arneson mwenyewe aliupata mchezo huu kwa kuchezea sheria za michezo ya vita ya mezani, hukohuko Minneapolis na St. Paul. Lakini ukibomoa ngazi ya kitabu, jua kwanza ilikuwa inamsaidia nani.

Kama shida ni kuhesabu, kitabu hichohicho cha 2014 kinaruhusu kuacha pointi kabisa: kundi likimaliza hatua kubwa ya hadithi, wote wanapanda pamoja. Kama shida ni wanaoahirisha dakika za mwisho, hilo ni la kuongea nao kwa mdomo, au kuhamisha siku. Anayekosa Jumamosi amekosa utamu wa usiku ule na vicheko vyake, na hiyo adhabu inamtosha.

Dada nesi hajaomba apendelewe. Ameomba tu mhusika wake asife kila akija. Nyie wadau mngekuwa kwenye meza ile, mngempandisha au mngemwambia ajipange?