Usipige Windows

Mijini kwetu kuna dawa moja inayotibu maradhi yote ya kompyuta. Inaitwa kupiga Windows. Laptopu imegoma kuwaka? Piga Windows. Inawaka halafu inazima? Piga Windows. Ina virusi, ni nzito, umesahau nenosiri? Piga Windows. Mganga anayetoa dawa ileile kwa malaria, mguu uliovunjika na uchungu wa mapenzi tungemkimbia. Fundi anayefanya hivyo tunamlipa, na shukrani juu.

Nasema tuache.

Tuelewane kwanza tunachozungumzia. Kupiga Windows, kama kunavyofanyika kwenye vibanda vingi, ni kuchomeka flashi, kufomati diski na kuweka mfumo endeshi mpya. Vilivyokuwamo vinaondoka. Kwenye diski za zamani, zile zinazozunguka, mtaalamu anaweza kuokoa baadhi ya mafaili iwapo hayajaandikiwa juu. Kwenye SSD, ambazo ndizo zilizo ndani ya laptopu nyingi za siku hizi, mfumo huiambia diski kwamba nafasi ile haina kazi tena, na diski hujisafisha yenyewe. Baada ya hapo hata mtaalamu hana cha kuokoa.

Mwenzangu mmoja tunayesoma naye shahada ya uzamili alikaa Bagamoyo wiki sita akirekodi mafundi wa majahazi pale ufukweni. Hakuwa anatafuta hadithi za watalii. Alitaka maneno: mkuku, mataruma, foromali, na mengine ambayo kamusi zetu hazina, yanayotamkwa na wazee watano au sita waliobaki na kazi hiyo. Kila jioni alihamishia sauti kwenye laptopu na kufuta kinasa sauti ili kesho kipate nafasi. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku, laptopu ikaleta kioo cheusi na mstari mmoja: "No bootable device." Akaipeleka kwa fundi. Fundi hakuuliza kilichotokea wala kilichomo ndani.

"Dada, hii tupige Windows tu. Elfu kumi na tano, jioni unachukua."

Jioni akachukua. Iliwaka vizuri sana, na ilikuwa tupu. Mzee mmoja kati ya wale aliowarekodi amekwisha kufariki.

Najua utakachosema: kwa nini hakuweka nakala? Ni kweli, nakala ni muhimu, na kila anayesoma hapa ainunue leo flashi ya pili. Lakini jibu hilo linamwachia fundi haraka mno. Mtu akiingia hospitali bila bima, daktari hapati ruhusa ya kumkata mguu bila kumpima.

Turudi kwenye ule mstari mmoja. Hausemi kwamba Windows imeharibika. Unasema: nimetafuta mahali pa kuanzia, sijapaona. Kinachoweza kusababisha hivyo kinajulikana. Kwanza, kuna flashi iliyosahauliwa, na laptopu inajaribu kuanzia humo. Pili, diski au kebo yake imelegea. Tatu, mipangilio ya mashine imepotea. Laptopu nyingi za mtumba betri kubwa imekwisha, zinaishi kwa chaja. Kama na kile kibetri kidogo cha saa, kinachofanana na sarafu, nacho kimekufa, umeme ukikatika mashine husahau tarehe, na wakati mwingine husahau hata namna ya kuzungumza na diski yake. Nne, faili dogo la kuanzishia limeharibika, na hilo hutengenezwa bila kugusa mafaili yako. Tano, diski yenyewe imekufa, na diski iliyokufa haifufuliwi kwa Windows mpya.

Hesabu tena. Katika hayo matano, hakuna hata moja ambalo dawa yake ya kwanza ni kufuta.

Na kuna siku hiyo Windows yenyewe inagoma kupigika. Programu ya kuweka mfumo inasema haiwezi kuuweka kwenye diski hii kwa sababu imegawanywa kwa mtindo wa GPT. Mara nyingi shida ni kwamba flashi imewashwa kwa njia ya zamani badala ya UEFI; unazima, unawasha tena kwa njia sahihi, unaendelea. Kinachofanyika kibandani ni kufuta sehemu zote za diski mpaka mashine inyamaze. Au programu haioni diski kabisa, kwa sababu baadhi ya laptopu zenye prosesa mpya za Intel huificha nyuma ya kidhibiti ambacho programu hiyo haina draiva yake. Mteja anaambiwa diski imekufa, ananunua nyingine. Mashine ilikuwa imetoa dalili. Hakuna aliyeifuata.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na sisi wenyewe, sisi tunaokipenda Kiswahili kila tarehe 7 Julai. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Baadaye Microsoft nao wakaleta Kiswahili kwenye Windows. Kazi ile ilikuwa kubwa na sitaibeza. Lakini lugha yetu ilikaribishwa sebuleni tu, ambako kila kitu kinafanya kazi. Jikoni, kwenye kioo cheusi, pale mtu anapoihitaji lugha yake kuliko wakati wowote, bado anaongeleshwa Kiingereza cha mafundi. Kijana aliyejifunza ufundi kwa kumtazama kaka yake haambiwi kitu na ule mstari. Anajifunza jambo moja tu: kubofya mpaka ujumbe upotee.

Tusiseme Kiswahili hakina maneno. Fundi wa bodaboda akikuta pikipiki imekata moto hasemi tubadilishe injini. Anauliza mafuta, anachomoa plagi, anatazama betri, na yote hayo anayaeleza kwa Kiswahili ambacho abiria anakielewa. Wazee wa Bagamoyo jahazi likivuja hawalibomoi. Wanatafuta tundu, wanaziba kwa kalafati. Utamaduni wa kuchunguza kabla ya kutibu tunao, tena wa miaka mingi. Tumeunyima kompyuta tu, kwa sababu tuliikubali kama kitu cha wenyewe, kitu kisichohojiwa.

Na mafundi nao wana hoja. Mteja halipii uchunguzi. Fundi akikaa saa mbili akitafuta tatizo na kugundua kebo imelegea, utamwambia, "Kumbe kebo tu?" na kumpa elfu mbili. Akifuta kila kitu kwa dakika arobaini, unampa elfu kumi na tano. Sisi ndio tumeweka bei hiyo. Hospitali tunalipa kumwona daktari, tunalipa vipimo, ndipo tunalipia dawa. Tulipe hivyohivyo kibandani, hata kama jibu ni kebo.

Kwa hiyo siku laptopu yako ikigoma, usiikabidhi kimya. Piga picha kioo kabla ya kuzima. Mwambie fundi: "Kaka, usifomati. Nisomee kwanza ilichoandika. Kisha toa mafaili yangu." Inawezekana: flashi yenye Linux, ambayo ni bure, huwasha laptopu bila kubadilisha kitu kwenye diski, na kama diski ni nzima na haijafungwa kwa ufunguo wa siri, mafaili yanaonekana, unayanakili. Baada ya hapo, kama bado kuna haja, apige hiyo Windows.

Akikataa, chukua laptopu yako uondoke. Ikiwa imegoma kuwaka, bado ina kila kitu ndani.